Je, Mwenzako Ataitwa Kuhojiwa? Udhamini wa Mume au Mke Kuja Kanada

Kila anayetaka kumdhamini mume au mke aje Kanada huuliza jambo hili hata kabla ya kujaza fomu ya kwanza: je, mwenzangu ataitwa kuhojiwa? Maombi mengi huamuliwa kwa karatasi peke yake, na mwombaji hupata ukaazi wa kudumu bila kuketi mbele ya afisa. Kanada haifanani na Marekani, ambako mahojiano ubalozini ni hatua ya kawaida ya viza ya mwenza. Huku mahojiano huitishwa pale afisa anapolimaliza faili akabaki na swali ambalo nyaraka hazikulijibu.

Swali hilo huzaliwa na kifungu cha 4 cha kanuni za uhamiaji. Ndoa haikubaliwi ikiwa si ya kweli, au ikiwa ilifungwa hasa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji, na tangu mwaka 2010 sababu moja kati ya hizo mbili inatosha kuyakataa maombi. Ndiyo maana hata watu wanaopendana waziwazi leo wanaweza kuulizwa nia yao ilikuwa ipi siku ile walipooana. Afisa huangalia kwa makini zaidi ndoa iliyofungwa siku chache baada ya wawili kuonana, tofauti kubwa ya umri, talaka ya karibuni, viza zilizokwisha kukataliwa, harusi isiyohudhuriwa na ndugu, au mdhamini ambaye mwenyewe aliingia kwa kudhaminiwa na mwenza wa awali. (Huyu wa mwisho haruhusiwi kabisa kumdhamini mwenza mpya mpaka itimie miaka 5 tangu apate ukaazi.)

Mambo hayo si ushahidi wa udanganyifu, na ndoa nyingi za kwetu zina mawili matatu kati yake. Kijana aliyeko Edmonton huwaachia wazazi wamtafutie mchumba Tanga. Mshenga anapeleka posa, mahari inakubaliwa, naye anakuja likizo ya wiki tatu na kuoa. Kwetu huo ni mwendo wa heshima, lakini kwa msomaji asiyeujua unafanana na ndoa ya haraka yenye nia nyingine. Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuandika barua ya maelezo tangu mwanzo: nani aliwaunganisha, barua ya posa ilipelekwa lini na nani, mahari ilikuwa kiasi gani na nani aliipokea, na kwa nini harusi ilifanyika haraka. Ambatisha picha za siku ya posa, si za ukumbini tu, na chini ya kila picha andika majina ya waliomo na uhusiano wao nanyi.

Tazameni sana majina ya undugu, kwa sababu hapo ndipo watu wakweli huonekana waongo. Mke amejaza kwamba baba yake alifariki, kisha kwenye maelezo akaandika kuwa baba ndiye aliyepokea mahari. Kwetu hakuna kitendawili, kwani aliyepokea ni baba mdogo. Afisa anaona kauli mbili zinazopingana. Vivyo hivyo kwa binamu anayeitwa kaka, na kwa neno “kukutana”, ambalo mmoja atalitumia kwa siku ya kwanza ya kuandikiana kwenye simu na mwingine kwa siku ya kuonana ana kwa ana, ilhali fomu ya IMM 5532, ile ya maelezo ya uhusiano wenu, inauliza juu ya kuonana ana kwa ana. Kaeni pamoja, hata kwa simu, mlinganishe tarehe na majina kabla ya kutia saini.

Waislamu waangalie zaidi suala la wakili, yaani mtu anayefunga ndoa kwa niaba ya asiyekuwapo. Tangu tarehe 11 Juni 2015 Kanada haitambui, kwa mambo ya uhamiaji, ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwapo mwenyewe, iwe ilifungwa kwa simu, kwa intaneti au kwa kuwakilishwa. Ni wanajeshi wake tu walioachiwa nafasi. Bwana harusi aliyeozeshwa akiwa Toronto afunge ndoa upya, wote wawili wakiwapo, kabla ya kuwasilisha maombi. Na pale ambapo walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, alimwozesha binti msikitini, barua ieleze bibi harusi alikuwa wapi saa ile na mashahidi gani walikwenda kumuuliza ridhaa yake.

Wito ukija, hiyo si dalili ya kukataliwa. Ni nafasi ya kujibu shaka. Mwenza aliyeko nje mara nyingi huhojiwa peke yake. Anaweza kuomba mkalimani, na ni afadhali aombe kuliko kubabaika kwa Kiingereza ili aonekane msomi. Achukue pasipoti, cheti halisi cha ndoa, na ushahidi wa miezi iliyopita tangu maombi yapelekwe: mazungumzo, risiti za fedha, tiketi za safari. Ataulizwa mambo ya maisha: mumeo anafanya kazi gani na zamu zake zikoje, anaishi na nani, ndoa yake ya kwanza ilivunjikaje. Msikaririshane majibu. Asilolijua aseme halijui, kwa kuwa jibu la kubuni likigundulika ni udanganyifu, na adhabu yake ni kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5.

Maombi ya mwenza aliyeko nje yakikataliwa kwa shaka ya ndoa, kwa kawaida mdhamini ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji. Anayeomba kupitia kundi la wenza walioko tayari ndani ya Kanada hana rufaa hiyo. Kwake imebaki Mahakama ya Shirikisho. Kwa vyovyote vile, mwenza aandike maswali na majibu yote jioni ileile ya mahojiano, angali anayakumbuka, kwa maana maandishi ya afisa yatasomwa kwenye rufaa neno kwa neno.