Mama alipokataa kuvuka bahari kwa ndege: hivi ndivyo nilivyomwandaa

Mama aliniambia wazi kwamba Mumbai haendi. Daktari alishasema matibabu ya moyo wake huko yasicheleweshwe, lakini tangu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR 42 ilipotumbukia ziwani pale Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakafariki, alikuwa akisikia mlio wa ndege juu ya mtaa wetu wa Kirumba, Mwanza, anaingia ndani. Sikubishana naye. Nilimfundisha, na nawaandikia ninyi wenye mzazi wa namna hiyo.

Anza na mkanda. Mama alizoea wa gari, ule wa kubonyeza. Wa ndege haubonyezwi, unainua kile kibati bapa cha juu. Mtu akishikwa na hofu, mkono hukimbilia ulichozoea. Tulipokaa tu ndani ya ndege, nikamwomba afumbe macho, afunge na kufungua mara tano. Mara ya tatu vidole vyake, vilivyokomaa kwa kuanika dagaa miaka yote, vilikipata kibati bila kupapasa. Hapo ndipo nilipomwona akishusha pumzi.

Kisha mhesabie viti mpaka mlango wa dharura, wa mbele na wa nyuma, kwa kugusa migongo ya viti. Moshi au giza likitanda, macho hayasaidii.

Sasa jaketi la kuokolea maisha, na hapa nawasihi msiharakishe. Mama anayajua ya wavuvi pale Mwaloni, manene, yanayoelea yenyewe. La ndege si hivyo. Limekunjwa ndani ya pakiti, mara nyingi chini ya kiti, na halina hewa mpaka uvute kishikio, ndipo gesi inalijaza. Gesi ikigoma, kuna mrija wa kupuliza kwa mdomo. Mama akauliza, "Sasa si nilijaze mapema, niwe tayari?" Hapana, mama. Livae ndani, lijaze ukiwa mlangoni unatoka. Mwaka 1996 ndege ya Boeing 767 iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaangukia baharini karibu na Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, na miongoni mwao wamo waliojaza majaketi wakiwa bado ndani. Maji yakiingia, jaketi lililojaa linakupandisha darini, nawe unatakiwa uiname upite mlangoni. Nilimrudishia maneno hayo mpaka akanirudishia yeye.

Kuhusu injini: ndege yenye injini mbili inaweza kuendelea kuruka kwa moja mpaka ifike uwanjani, na njia ya juu ya bahari hupangwa kwa kuzingatia umbali wa viwanja hivyo. Ikitikisika, fungeni mkanda tu. Mama huyuhuyu amevuka ziwa kwa mtumbwi wenye mawimbi bila kulia, nikamkumbusha hilo.

Dawa ziwe kwenye mkoba mdogo karibu naye, zisipande kwenye kabati la juu. Lakini wahudumu wakiamuru mtoke, mizigo yote ibaki. Mwambieni hilo mapema, maana wazee wetu mkoba hawauachi kirahisi.

Na mkiwa na mtoto mchanga, msingoje juu ya bahari. Mwiteni mhudumu kabla ndege haijaondoka, mumwombe jaketi la mtoto na awaonyeshe linavyofungwa.