Safari ya Skye: milima, chaza na wiski, kwa kuanza na dereva

Mpango huu ni wa watu wawili hadi wanne, siku tano katika kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi mwa Uskoti.

Hatua ya 1: Mwezi

Nenda Mei. Mchana ni mrefu, na usubi bado ni wachache. Kuanzia Juni hadi Agosti usubi wa huko huwa balaa, hasa alfajiri na jioni, upepo ukitulia. Chandarua cha kichwa kinasaidia kuliko dawa yoyote ya kujipaka, na bei yake ni ndogo.

Hatua ya 2: Viza na malazi

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Uingereza, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Vyumba vya Skye huanza kujaa mapema zaidi ya hapo. Kwa hiyo weka chumba kinachoruhusu kughairi bila malipo, kisha ndipo uombe viza. Kaeni katika mji wa Portree, maana ni katikati ya kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 3: Gari

Kodi katika mji wa Inverness, karibu kilomita 180 kutoka Portree. Chukua gari dogo. Gari kubwa ni mzigo huko, kwani barabara nyingi za pembeni zina upana wa gari moja tu. Magari ya otomatiki ni machache, basi liagize mapema. Uendeshaji ni wa kushoto kama kwetu, ila kupishana kuna utaratibu wake. Sehemu ya kupishana ikiwa upande wako wa kushoto, ingia usubiri. Ikiwa kulia, simama barabarani mkabala nayo, mwenzako ndiye aingie. Usiivukie kamwe, na usiegeshe hapo ili kupiga picha. Jaza mafuta Broadford au Portree.

Hatua ya 4: Nani ataendesha siku ya wiski

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Watu huandika viwanda viwili na mlima katika siku moja, halafu wanakuta hakuna anayeruhusiwa kushika usukani.

Tangu Desemba 2014, kikomo cha Uskoti ni miligramu 50 za kileo katika mililita 100 za damu. England ni 80, kwa hiyo usifuate mazoea ya rafiki yako wa London. Toti moja ya mililita 25 yenye nguvu ya asilimia 40 ni uniti moja ya kileo, na mwili huhitaji takribani saa moja kuiondoa. Talisker, wiski ya Skye, ile ya miaka 10 ina asilimia 45.8, na wiski inayotolewa kwenye pipa bila kuongezwa maji yaweza kupita 55. Toti nne za namna hiyo zikiisha saa tano usiku, saa kumi alfajiri ndiyo kwanza mwili unakaribia kumaliza, na kuna miili inayochelewa zaidi. Kahawa na maji baridi haviharakishi chochote.

Fanyeni hivi. Asiyekunywa ndiye dereva. Kama wote wanakunywa, badilishaneni: mmoja aonje Talisker kule Carbost, kiwanda cha tangu 1830, mwingine aonje siku nyingine Torabhaig, rasi ya Sleat, kilichofunguliwa 2017. Vyote viwili hutumia shayiri iliyokaushwa kwa moshi, kwa hiyo hakuna anayepunjwa. Mkifika, semeni mapema nani dereva. Viwanda vingi humtilia onjo lake katika chupa ndogo akanywe jioni. Ziara iwe ya alasiri, baada ya kutembea, kamwe si kabla. Nafasi zilipiwe mtandaoni kabla ya kusafiri.

Hatua ya 5: Milima

Old Man of Storr, mnara wa mwamba, ni kilomita 4 hivi kwenda na kurudi, na unapanda karibu mita 300. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, la sivyo utakosa pa kuegesha. Mzunguko wa Quiraing ni kilomita 7 hivi, na ndio ninaoupenda zaidi. Ukungu ukishuka, geuka, kwani njia hupita kando ya majabali.

Safu ya Cuillin si ya kujaribu bila kiongozi. Miamba yake ina sumaku, na dira hupotosha, ya simu pia. Beba ramani ya karatasi, koti la mvua na viatu vinavyoshika kifundo. Jinzi ikilowa huganda mwilini.

Hatua ya 6: Chakula

Kuleni vya baharini: chaza, kome na kamba wakubwa wa kuchemsha. Siku ya mvua, agizeni Cullen skink, supu nzito ya viazi, maziwa na samaki aliyevutwa moshi. Wekeni meza ya jioni mapema, maana majiko mengi hufunga kabla ya saa tatu usiku hata jua likiwa bado angani.