Namna ya Kupima Uzito wa Mgombea Aliyeshindwa Ndani ya Chama Chake

Katika mabaraza yetu ya Unguja, pale Jaws Corner kwa mfano, aliyeshindwa kura za maoni hufungiwa mjadala kabla kahawa haijapoa kikombeni: "Kaanguka." Neno hilo linatunyima elimu. Naeleza hapa njia bora, nikimtumia Ron Paul, daktari wa uzazi na mbunge kutoka Texas, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 1988 kwa chama cha Libertarian, kisha mwaka 2008 na 2012 akawania uteuzi ndani ya chama cha Republican, akidai serikali isiyoingilia maisha ya mtu na isiyopigana vita ng'ambo.

Chukua daftari, uchore safu mbili: kura, na wajumbe, yaani wale wanaotumwa na kila jimbo kwenda mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea urais. Mikutano ya matawi ya chama katika jimbo la Iowa ilipofunguliwa usiku wa tarehe 3 Januari 2012, saa moja kwao, hapa Zanzibar ilikuwa saa kumi alfajiri ya tarehe 4. Matokeo yalianza kusikika watu wakitoka msikitini, na Paul akawa wa tatu kwa asilimia 21 hivi. Liandike hilo katika safu ya kwanza, lakini usilifunge daftari, kwani kura ile haikuwafunga wajumbe. Wao walipatikana baadaye, ngazi baada ya ngazi, kutoka tawini hadi mkutano wa jimbo, na wafuasi wa Paul walivumilia vikao virefu ambavyo wengine hawakuvijali. Kufikia mkutano mkuu wa Tampa, mwezi Agosti, wajumbe 22 kati ya 28 wa Iowa walikuwa upande wake. Ni safu ya pili iliyoonesha hayo, wala hakuna jimbo hata moja alilokuwa ameongoza kwa kura.

Fedha zisikupotezee muda mwingi: tarehe 16 Disemba 2007 wafuasi wake walichanga takriban dola milioni 6 kwa siku moja kupitia intaneti, na hilo laonesha ari tu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kanuni. Huko Tampa chama kilipandisha sharti la jina la mtu kupendekezwa rasmi: badala ya kuongoza kwa wajumbe katika majimbo 5, alitakiwa awe na zaidi ya nusu ya wajumbe katika majimbo 8. Wakubwa wa chama hawahangaiki kuziba mlango asioukaribia mtu.

Kisha soma ilani. Ilani ya Republican ya mwaka 2012 ilitaka Benki Kuu ya Marekani ikaguliwe kila mwaka, hoja aliyoipigania Paul kwa miaka mingi, na mwezi Julai mwaka huo muswada wake wa ukaguzi ulipita Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo kwa kura 327 dhidi ya 98. Hapa uwe mwangalifu: hasira za watu baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 zilimsaidia, kwa hiyo usimhesabie yote yeye.

Ukikihamishia kipimo hiki Wete au Mkokotoni, ibadilishe safu ya pili. Kwetu kura za maoni aghalabu huwa mapendekezo, na vikao vya juu ndivyo huteua. Basi andika ni hoja gani ya aliyeshindwa iliyoingia katika ilani, na ni nani aliyeipeleka kikaoni.