Akidi ihesabiwe kabla ya kila kura

Baraza la ushauri likiwa na wajumbe 15 na kanuni zikasema akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kura ihesabike, ni nusu, basi ni watu 8, si 7. Wananchi waliokuja kusikiliza, hata wakijaa mpaka kibarazani, hawaingii kwenye hesabu hiyo.

Mambo huharibika katikati. Mkutano umeanza saa nne, wajumbe 9 wametia sahihi, kila mtu ameridhika. Adhana ya adhuhuri ikilia wawili wanatoka, mwingine anawahi feri ya Likoni. Saa saba mwenyekiti anaitisha kura, na waliobaki ni 6. Azimio hilo yeyote aweza kulipinga.

Kwa hivyo katibu ahesabu vichwa kabla ya kila kura na aandike: "Saa 6:40 mjumbe wa Mtongwe alitoka; waliobaki 8." Ajenda za uamuzi zije mara tu baada ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Ripoti zikae nyuma. Hizo ndizo zinazokula muda. Akidi ikivunjika, jadilini mkitaka, ila msipitishe kitu.

Mjumbe mwenye maslahi, tuseme ana kibanda kwenye soko linalojadiliwa, atangaze mapema na atoke kabla ya mjadala. Kungoja kura ni kuchelewa, ashawashawishi wenzake. Kanuni ziseme kama bado anahesabiwa kwenye akidi. Zikinyamaza, ni salama zaidi kutomhesabu.