Kupanga orodha kwenye Python bila kuvuruga ile ya mwanzo

Juzi nilikaa na kijana mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, anamtengenezea mama yake programu ya kuandika bei ya mchele wa Kyela kila siku. Ghafla bei ya Jumatatu ikawa 2400, na mama anakumbuka vizuri aliuza 2800. Tulihangaika mpaka chai ikapoa.

Hatua ya 1. Andika orodha zako:

siku = ["Jumatatu", "Jumanne", "Jumatano"]
bei = [2800, 2400, 3100]

Hatua ya 2. Ukitaka bei kuanzia ya chini, andika sorted(bei). Unapewa orodha mpya, bei yenyewe haiguswi.

Hatua ya 3. Usiandike bei = bei.sort(). Hiyo sort() hupanga orodha ileile kisha hurudisha None, yaani "hakuna kitu", kwa hiyo bei zako zote zimekwenda. Imewekwa hivyo makusudi, usidhani umepewa orodha nyingine. Kwenye lugha nyingine za programu, JavaScript ndiyo inayonikera: sort yake hubadilisha orodha na bado inakurudishia hiyohiyo. toSorted, isiyogusa ya mwanzo, iliingia rasmi 2023. Wa lugha ya Ruby wamenifurahisha, sort hutoa mpya na sort! hubadilisha. Alama tu ya mshangao inakuonya.

Hatua ya 4. Tengeneza nakala ya kweli. Hapa ndipo tulipokwama. Kijana aliandika nakala = bei, kisha nakala.sort(), akiamini bei iko salama. Kumbe alama ya = imeongeza jina tu; gunia ni lilelile, ukilimwaga kwa jina lolote limemwagika. Andika nakala = bei.copy(), au list(bei), au bei[:]. Ukiwa na shaka, uliza nakala is bei. Ikijibu True, huna nakala.

Lakini subiri. Kama ndani mna orodha nyingine, mfano [["Jumatatu", 2800], ["Jumanne", 2400]], copy() hunakili ya nje tu. Ukirekebisha 2800 upande mmoja, na kule imebadilika. Hapo tumia deepcopy kutoka moduli ya copy. Vivyo hivyo ukipeleka orodha kwenye fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake unachokiita kifanye kazi: inapokea ileile, si nakala, kwa hiyo sort() ya mle ndani itakufuata mpaka nje.

Mimi hutumia sorted() karibu kila mahali. sort() naiachia orodha niliyoiunda mwenyewe ndani ya fanksheni hiyohiyo, au data kubwa inayobana memori. Kwa append(), inayoongeza kitu mwishoni mwa orodha ileile, sina ugomvi, kuongeza ni kuongeza.

Hatua ya 5. Endesha programu. Jumatatu ilirudi 2800, na mama akaagiza chai nyingine.