"Mwalimu, hii ni sahihi?": jinsi ninavyowazoesha wanafunzi kujisomea

Nafundisha hisabati katika shule ya kata, nje kidogo ya Ifakara. Anayelijua bonde la Kilombero anajua kwamba mpunga ukishatoa masuke, darasa linapungua. Familia zinahamia mashambani, na watoto wanakwenda kuamia ndege. Wiki 2, wakati mwingine 3. Mtoto akirudi, mimi nimeshaingia topiki nyingine. Zamani nilikuwa namwambia, "Chukua daftari la mwenzako ujaze notisi." Anajaza kweli! Kurasa 12 kwa usiku mmoja, mwandiko wa kupendeza, na ukimuuliza swali la kwanza anatazama dari.

Kweleakwelea, ndege hao wanaoshambulia mpunga, ndio walionifanya nianze kuhangaika na suala la kujisomea.

Nilianza vibaya, na naomba usirudie kosa langu. Niliingia Kidato cha Tatu nikatangaza, "Kuanzia leo mnajisomea wenyewe," nikawapa sura ya kitabu, nikaenda kukaa ofisini. Wiki ya pili nikawapa jaribio. Kati ya wanafunzi 61, waliofika alama 30 walikuwa 4, na mmoja kati ya hao 4 ndiye waliyemdesa wenzake wengi. Mtu hajui kuogelea, wewe unamsukuma mtoni na kuita hiyo ni mbinu. Kujisomea ni kazi yenye stadi zake, na stadi hufundishwa moja moja, mwalimu akiwa palepale.

Ukitamka neno "kujitegemea" shuleni kwetu, watoto wanatazama jembe. Siwalaumu. Tangu waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea imebaki kichwani mwa watu kama shamba la shule na mabanda ya kuku. Lakini waraka uleule ulizungumzia pia mtoto mwenye akili ya kudadisi. Sehemu hiyo tuliiacha njiani.

Basi, anza na swali ambalo wanafunzi hukuuliza mara nyingi kuliko yote: "Mwalimu, hii ni sahihi?" Mtoto amemaliza hesabu, anakuletea daftari, anasubiri tiki. Ukimpa tiki kila siku, atakuhitaji mpaka chumba cha mtihani, na huko hukai naye. Jibu langu siku hizi ni moja: "Utajuaje?" Mwanzoni wananuna. Wengine wanadhani sijui mwenyewe.

Lakini huwezi kumuuliza "utajuaje" kama hujampa chombo cha kujulia. Mimi nawapa chombo kimoja na kukitumia muhula mzima: jaribu kwa namba. Chukua kosa maarufu kuliko yote Kidato cha Pili, lile la kuandika kwamba (x + 3)² ni sawa na x² + 9. Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara zisizohesabika bila faida. Sasa sisahihishi. Nasema, weka namba mahali pa x, upande wa kushoto na wa kulia, uone kama zinalingana.

Binti mmoja akachagua 0. Kushoto akapata 9, kulia 9. Akaruka kwa furaha, "Mwalimu, ni sahihi, nimejaribu!" Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia amuombe jirani yake achague namba nyingine. Jirani akachukua 2: kushoto 5 mara 5, yaani 25, kulia 4 jumlisha 9, yaani 13. Wakabishana dakika 10 nzima, kila mmoja na ushahidi wake. Kipindi chetu ni dakika 40, na siku hiyo robo yake ilikwenda kwenye ubishi wa watoto wawili ambao darasa zima lilikuwa linausikiliza. Mwisho mmoja akachora mraba wenye upande wa x + 3, akaugawa vipande vinne: x², 3x, nyingine 3x, na 9. Zile 3x mbili ndizo zilizokuwa zinapotea, na ukiweka 0 zinapotea kimyakimya. Sikuandika chochote ubaoni. Darasa lile halikurudia kosa hilo kwa wingi tena, na likapata sheria yake lenyewe: usijaribu kwa 0.

Kwa masomo mengine chombo kitakuwa tofauti. Mwenzangu wa jiografia anawataka waangalie kama jibu lao linaelezea pia mahali wanapopajua: ukisema mafuriko husababishwa na jambo fulani, je, kwetu hapa mto ukifurika ndivyo ilivyo? Tafuta cha somo lako. Kimoja kinatosha kuanzia.

Cha pili ni daftari la makosa. Daftari dogo la kurasa 48, si la rafu, la makosa tu. Kila jaribio likirudi, mwanafunzi anachagua makosa 2, haandiki yote, na kwa kila moja anaandika mistari mitatu: nilifanya nini, nilidhani nini, safari ijayo nitaangalia nini. Mstari wa kati ndio wenye kazi. Wengi wataandika "nilikosea" au "sikuwa makini", na usikubali. Mrudishie, kwa upole, mara ya tatu na ya nne. Aliyeandika "nilidhani alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano ni ya namba ya kwanza tu" ameshajitibu. Ruhusu waandike kwa Kiswahili. Mtoto amesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, na fikra zake za ndani hazihami lugha kwa sababu amevaa sare ya sekondari.

Hapo ndipo penye mlima mwingine: kitabu chenyewe ni cha Kiingereza. Unamwambia akasome ukurasa wa 74, anakodoa macho. Ninachofanya: asome nusu ukurasa tu, afunge kitabu, amsimulie jirani kwa Kiswahili alichoelewa. Kisha afungue tena atafute sentensi iliyomshinda, na kuipigia mstari kwa penseli. Maneno yanayojirudia tunayabandika ukutani kwenye karatasi za manila. Mwezi wa kwanza ni wa polepole mno, utajiona umezembea. Vumilia.

Kuhusu diskasheni, wengi tunajidanganya. Makundi yamekaa chini ya mwembe, ukipita unaona vichwa vimeinama, unafurahi. Sogea karibu: mmoja anafanya, saba wananakili. Dawa niliyoipata ni ya chaki. Yule anayejua haruhusiwi kushika chaki. Anayeshika ni ambaye hajaelewa, na mjuaji anaruhusiwa kuuliza maswali tu. Wajuaji wanateseka sana kwa sheria hii, wengine wanakaa juu ya mikono yao.

Ratiba za kujisomea sizipi uzito. Nimeona nyingi zimechorwa kwa rangi, saa 11 alfajiri fizikia, saa 12 kemia, na mwenye nazo anachota maji saa hiyohiyo. Mwambie aahidi kitu kidogo kwa wiki, kwa mfano maswali 5 ya pasti pepa, na Ijumaa amweleze mwenzake kama amefanya au hakufanya na kwa nini. Inatosha.

Utapata upinzani. Kwetu ulitoka kwa mwalimu wa taaluma: wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija watataka kuona notisi kwenye madaftari, sasa hawa wana makosa tu! Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Tukakubaliana kwamba kila topiki ikiisha, mwanafunzi aandike notisi zake kwa ukurasa mmoja bila kutazama kitabu, halafu akague alichosahau kwa kalamu ya rangi nyingine. Ofisi ikapata notisi zake, na mimi nikapata zoezi ambalo sikuwa nimelifikiria. Wazazi nao walinung'unika kwamba mwalimu hafundishi. Hao niliwaita waone diskasheni ya chaki, wakanyamaza, ingawa mzee mmoja aliondoka akitikisa kichwa.

Usiondoe mkono wako kwa ghafla. Mimi hufanya hivi: topiki ya kwanza natatua mfano mzima huku nikisema kwa sauti ninachowaza, pamoja na pale ninapokwama. Topiki ya pili natatua nusu, wanamalizia. Ya tatu nawapa swali bila mfano, lakini nazunguka darasani. Ndipo nawaacha peke yao, kwa kipindi kimoja kwanza. Wanaokwenda shamba nawapa maswali 6 kwenye karatasi na majibu nyuma yake, bila njia. Kazi yao ni kuitafuta njia inayofika kwenye jibu lile, na kuniletea swali ambalo hawakufika.

Mwaka jana niliitwa semina Morogoro siku 4. Niliporudi Kidato cha Tatu, nilikuta ubao umejaa mwandiko wa watu tofauti. Maswali sita, matano yamefanyiwa uhakiki pembeni kwa namba. La nne lilikuwa na majibu mawili, yote mawili ya uongo, yamezungushiwa duara, na chini yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: HAPA HATUJAKUBALIANA, USIFUTE.