Somo: Kupima uga sumaku baina ya sayari, kwa mfano wa vyombo vya anga vya Voyager

Dira huelekezwa na uga sumaku wa Dunia, ambao juu ya ardhi ni kati ya nanotesla (kizio cha nguvu ya uga) 25,000 na 65,000 hivi. Uga unaobebwa na upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji zinazotiririka kutoka kwenye Jua, jirani na Dunia ni kama nanotesla 5 tu. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, adui wa kwanza wa mpimaji ni chombo cha anga chenyewe, kwa kuwa nyaya na mota zake zina usumaku wao.

Hatua ya kwanza ni kifaa cha kupimia. Voyager zote mbili, zilizorushwa mwaka 1977, zina magnetometa za fluksigeti, ambamo mkondo geu wa umeme katika koili (waya uliozungushwa) hukishibisha usumaku kiini cha metali, upande huu kisha ule. Pakiwapo uga wa nje, upande mmoja hutangulia kushiba, na koili ya pili huinasa tofauti hiyo. Vitambuzi vitatu vilivyowekwa kwa pembe mraba hutoa ukubwa na mwelekeo.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi yote, ni mlingoti wa mita 13 wenye kitambuzi kimoja nchani na kingine karibu na katikati. Uga wa chombo, umbali ukiongezeka maradufu, hubaki takriban sehemu moja ya nane, ilhali uga wa anga ni uleule kwa vyote viwili. Tuseme cha katikati kabisa kinasoma nanotesla 6.6 na cha nchani 5.2. Tofauti, 1.4, ni sehemu saba za nane za uga wa chombo pale katikati. Basi pale ni 1.6, nchani ni 0.2, na anga ni 5.0.

Hatua ya tatu ni kutafuta sufuri, yaani kile kitambuzi kinachosoma pasipo uga wowote, kama muuzaji anavyokagua mizani tupu. Chombo huzungushwa, masomo hupanda na kushuka, na wastani wake ndio kosa la kitambuzi.

Swali: Mwalimu, kitambuzi kilicholala kwenye mhimili wa mzunguko je?

Jibu: Hicho mzunguko haukisaidii. Tunategemea mawimbi ya Alfvén katika upepo wa jua, yanayogeuza mwelekeo wa uga bila kubadili sana ukubwa wake, na tunatafuta sufuri inayoufanya ukubwa huo utulie.

Swali: Kwa nini mlingoti usirefushwe hadi mita 50?

Jibu: Uzito huongezeka, na mlingoti mrefu hupinda kwa urahisi, ukijisokota digrii moja, mwelekeo wa uga nao hukosewa. Hata kwa mita 13, Voyager ilihitaji koili kwenye chombo, itoe uga unaojulikana, ili ijulikane vitambuzi vimeelekea wapi.